Ukishatamka "Mwaka Huu Napika Mimi"

Maneno haya hutoka kinywani kwa urahisi sana usiku wa Ramadhani, baada ya futari, tumbo likiwa limejaa na miguu imenyooshwa mkekani. Mama anajikanda magoti. Shangazi anahesabu nani atakuja Idi na nani bado amenuna. Mtu anauliza mwaka huu pilau atapika nani, watu wanaangalia dari, na wewe, ambaye hujawahi kuwapikia watu zaidi ya wanne kitu kingine kisichokuwa chai, unajisikia ukisema: "Mwaka huu napika mimi. Nyinyi pumzikeni."

Kama hujayatamka, acha kusoma, kunywa maji ulale. Kama umeshayatamka, soma mpaka mwisho, kwa kuwa hayarudi. Mimi niliyatamka nyumbani kwetu Tanga miaka kadhaa iliyopita, na yaliyomo humu yote nimeyalipia.

Fahamu kwanza kwamba hakuna atakayepumzika. Ukiwaambia wanawake wa ukoo "pumzikeni", wao wanasikia "njooni mtazame". Siku hiyo watawahi kuliko walivyowahi kupika wenyewe. Watavuta viti vya plastiki mpaka mlango wa uani, watakaa kwa kufuata umri, na watakuangalia ukimenya kitunguu kama watu walioalikwa kwenye usaili wa kazi, wewe ukiwa mwombaji asiye na cheti. Hawatasema kitu. Usidanganyike na kunyamaza kwao.

Sasa hesabu. Wapishi wa shughuli watakwambia kilo moja ya mchele ni watu wanane. Hesabu hiyo ni ya kweli na imewaaibisha wengi, kwa sababu inahesabu midomo, haihesabu hotipoti. Tarehe 1 Juni 2019, serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki, wapo wenye nyumba waliodhani kwamba chakula cha sikukuu sasa kitabaki sikukuuni. Hawakuwajua mama wakubwa. Mama mkubwa wangu mmoja huingia na mkoba anaouning'iniza kidole kimoja, na akitoka huitwa kijana amsaidie kuubeba. Kwa hiyo andika majina ya waalikwa, ongeza watakaokuja nao, ongeza majirani wa kulia, kushoto na nyuma, halafu kila hotipoti unayoifahamu ihesabu kama mtu mzima aliyetoka kulima. Mimi nilialika watu arobaini, hesabu ya vitabuni ikanipa kilo tano. Nilipika nane. Saa tisa alasiri hapakuwa na kitu.

Michango sitaizungumzia sana. Kwenye grupu la familia watu kumi na tisa wataahidi, sita watatuma, na mmoja ataandika "wangu naleta mkononi". Huyo ndiye utakayemwona akiwa wa kwanza kunawa.

Jambo linalowatesa wapishi wa Idi kuliko wa sikukuu nyingine ni mwezi. Krismasi ina tarehe, harusi ina kadi, lakini Idi el-Fitri inakusimamisha sokoni siku ya ishirini na tisa ya mfungo hujui kama vitunguu unavyochagua ni vya kesho au vya keshokutwa. Ukinunua nyama mchana na mwezi usionekane, una nyama ndani na siku nzima ya kufunga huku ukiinusa. Usiponunua, na usiku tangazo la Mufti likatoka kwamba umeandama, utakuta foleni ya buchani imepinda kona na kilichobaki mezani ni utumbo na maneno. Mimi nilinunua mapema, nikaihifadhi kwenye friji ya jirani, na mwezi ukagoma. Halafu kila ukoo una mjomba anayefuata mwezi wa Makka. Huyo atakuwa ameshaswali Idi yake jana, na leo atafika kwako na njaa ya mtu aliyefunga miezi miwili.

Ukiwa buchani usiombe steki. Najua una hela ya kuombea na unataka kuonekana. Steki ni ya kuonekana kweli, lakini haina cha kuipa supu, na pilau yote inasimama juu ya supu. Omba mchanganyiko wenye mifupa na mafuta kidogo, uchemshe na tangawizi, kitunguu saumu na chumvi mpaka ilainike, na ile supu uilinde. Nasema uilinde kwa sababu kuna shemeji atakayepita na kikombe akisema anaonja tu.

Mchele nao una hila zake. Ukiingia duka lolote utaambiwa huu ni wa Kyela. Ingekuwa mchele wote unaoitwa Kyela nchi hii unatoka Kyela, majaruba yangekuwa yameshaingia ndani ya Ziwa Nyasa na wavuvi wangekuwa wanavua mpunga. Jina liache, uliza umri. Mchele mpya una maji yake, ukiupa maji ya kawaida unageuka uji. Mchele wa zamani ni mkavu, unakunywa na kuomba tena. Muuzaji hatakwambia ukweli, basi nunua robo kilo kwanza, ukapike nyumbani milango ikiwa imefungwa. Halafu ule mwingi uchambue. Usimwachie mtoto. Katika watu arobaini, jiwe moja litachagua jino la mzee mmoja tu, na atakuwa yule ambaye hakutaka upike tangu mwanzo.

Kwenye viungo kuna mtego wa pakiti. Zipo pakiti zimesagwa tayari, zimeandikwa pilau na zina picha ya sinia inayofuka moshi. Ukikutwa na pakiti hiyo siku ya Idi ni afadhali ungekutwa umekunywa maji mchana wa Ramadhani. Nunua bizari nzima, iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga, kila kimoja peke yake, uvikaange kidogo kisha uvitwange mwenyewe kwenye kinu, saa ambayo majirani wapo macho. Mlio wa mchi nao ni kiungo. Sisi watu wa Tanga tuna deni la ziada hapa, maana iliki inalimwa milimani kwetu, Amani, wilaya ya Muheza, na shangazi akiuma punje moja anajua kama umenunua safi au umeuziwa maganda. Bizari nzima, ambayo ndiyo roho ya harufu yote, huvuka bahari kutoka India. Usilitaje hilo mbele ya wazee. Pilau ni ya kwetu tangu Nuhu hajashuka.

Karafuu uwe nayo mkono mfupi. Ikizidi, chakula kina ladha ya dawa ya jino.

Moto una siasa. Serikali imejiwekea lengo kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi. Naliunga mkono kwa moyo wote, macho yangu yameshaona moshi wa kutosha. Shangazi yangu yuko kwenye ile asilimia 20. Nilipotoa jiko la gesi alilitazama jinsi mtu anavyomtazama mchumba aliyekuja bila wazee, akauliza: "Na makaa ya juu utayaweka wapi, baba?" Swali halina jibu. Pilau hupaliwa, makaa chini kidogo na makaa juu ya kifuniko, wali uive kwa joto la pande mbili, na gesi haipandi juu ya kifuniko. Nikalirudisha jiko ndani, nikaleta mafiga.

Na sufuria? Ya kilo kumi huna. Utaazima. Mimi niliazima kwa mama mmoja wa nyumba ya tatu, mzee wa makamo ya mama yangu, anayeheshimiwa mtaa mzima kwa mapishi. Akanipa bila swali. Kumbuka hilo, tutalirudia.

Basi umefika kwenye vitunguu, na hapa ndipo pilau nyingi hufia. Rangi ya pilau haitoki kwenye bizari kama wengi wanavyodhani, inatoka kwenye kitunguu kilichokaangwa mpaka mwisho wa uvumilivu wako. Kwa kilo nane za mchele nilikata karibu kilo mbili za vitunguu, nikalia vya kutosha msiba. Unavitia kwenye mafuta ya moto na unasimama. Hukai, hujibu simu. Vitakuwa vyeupe, vitalegea, vitakuwa vya dhahabu, na hapo nafsi itakwambia vimetosha. Nafsi ni mwoga. Subiri vifike rangi ya mlango wa mninga, halafu kabla havijawa mkaa ndipo utie tangawizi, saumu na viungo, kisha nyama, kisha supu. Kati ya mninga na mkaa pana muda wa kufunga kifungo kimoja cha shati. Ukiogopa, pilau itatoka imepauka kama aliyelazwa wiki mbili. Wapo wanaojaribu kuiokoa kwa kutia manjano. Hiyo haiitwi pilau tena, ni wali wenye homa ya manjano.

Wakati huohuo waamuzi wa viti vya plastiki watakuwa wamevunja kimya. Mmoja atasema viazi huwa vinakaangwa kwanza. Mwingine atasema viazi havimo kabisa, marehemu bibi hakuwa akitia viazi. Wa tatu atakumbusha kwamba bibi alikuwa akitia na tui la nazi, na wa nne ataapa kwamba tui lilikuwa la wali mweupe, siku ile nyingine, kwenye hitima ya babu. Wifi yako aliyeolewa kutoka Mombasa atauliza nyanya ziko wapi, na wote wanne wataungana ghafla. Usiingie. Marehemu bibi ameshapika pilau kumi na saba tofauti tangu afariki na kila mtu ana yake.

Maji ya wali hayana kitabu. Jikoni kwako umezoea vikombe viwili vya maji kwa kimoja cha mchele, au kimoja na nusu kama umeuloweka. Lakini sufuria kubwa haipotezi mvuke kama ndogo. Ukiizidisha hesabu ya kikombe mara arobaini utapata bwawa. Wanaojua wanapima kwa kidole au kwa mwiko, wakiulizwa wanasema "unaona tu". Mimi nilitazama sana na sikuona kitu. Chumvi ndiyo yenye sheria inayoeleweka: onja supu kabla ya kutia mchele, na iwe imezidi kidogo mdomoni, maana mchele utaimeza. Ukishatia mchele mlango wa chumvi umefungwa, na chumvi ya kunyunyiza juu baadaye ni sawa na kuomba radhi kwa barua.

Kisha funika na uache. Nakusihi uache. Kila atakayepita atakwambia "hebu geuza kidogo", na mkono wako wenyewe utawasha kushika mwiko. Mchele ukigeuzwageuzwa unakatika na kutoa wanga, na pilau ikishakuwa bokoboko huwezi kuirudisha punje mojamoja hata kwa dua. Mara moja tu, maji yakikaribia kukauka, ndipo unageuza taratibu toka chini, unapunguza moto, unapalia.

Yangu nilipoifunua juu palikuwa na kiini, mchele mgumu kama shanga. Chini kulishaanza kunuka. Nilisimama na kifuniko mkononi, makaa yakinidondokea viatuni, na nikahisi viti vyote vinne vimenyamaza. Shangazi akainuka akisema anatafuta kiberiti. Akapita mgombani, akarudi na jani, akanyunyiza maji ya moto kwa kiganja, akalaza jani juu ya wali, akafunika, akasogeza makaa mengi juu na kuyatoa ya chini karibu yote. Akarudi kukaa. Kiberiti hakukitafuta na hakuna aliyekiulizia. Baada ya nusu saa wali ulikuwa umeiva. Hilo la jani liandike mahali. La kuwa na shangazi huwezi kuliandika, lazima uzaliwe nalo.

Ulidhani ukishaivisha kazi imekwisha na sasa ni wakati wa kupakua na kupongezwa. Hapana, ndugu. Kupakua si kwako. Kwenye ukoo kuna anayepika na kuna anayepakua, na mwenye shughuli ni anayepakua. Atakuja mama mkubwa, atakutoa upawa mkononi bila kukutazama, na kuanzia hapo wewe ni kijana wa kusogeza masinia. Yeye ndiye anayejua kwamba sinia ya wazee wa kiume inapata mbavu, kwamba sinia ya wakwe inapata nyama laini ikiwa juu ionekane, kwamba fulani na fulani hawali sinia moja tangu kesi ya kiwanja, na kwamba watoto watapewa viazi vingi na kuambiwa nyama iko chini. Wewe ungepakua kwa usawa, na saa kumi kungekuwa na mgogoro.

Kachumbari mpe binamu mdogo aliyechelewa kuamka. Akioshe kitunguu kwa chumvi na asizidishe ndimu.

Sasa watu wamenawa, wamekaa mkekani, kila mmoja anakula mbele yake kama adabu inavyotaka, na wewe umesimama kwenye kizingiti unasubiri hukumu. Hukumu itakuja kwa lugha ya kistaarabu, kwa hiyo unahitaji mkalimani. "Imeiva" maana yake ni kwamba walitegemea isiive. "Wali laini, mzuri kwa sisi wasio na meno" maana yake imekuwa bokoboko. "Mwenyewe umekula?" wanakuonea huruma. "Tumekula, alhamdulillahi" ni shukrani kwa Mungu, wewe hukutajwa. "Inanikumbusha ya marehemu bibi" ni hatari, kwa sababu itafufua mjadala wa viazi. Neno baya kuliko yote ni "umejitahidi". Likitamkwa na watu wawili tofauti, mwakani nenda kasalimie wakwe mkoani. Usiombe mtu aseme "tamu". Sifa ya kweli haina sauti: ni mzee anayekwangua mbele yake, anavuka mpaka, anaingia mbele ya mwenzake, na mwenzake anamzuia kwa mkono.

Mimi nilipewa "umejitahidi" moja na kuvuka mpaka kumoja. Nikaona nimetoka sare.

Usitegemee kula. Utakapogeuka kuitafuta sehemu yako, watoto watakuwa wameshaizunguka sufuria, vichwa ndani, wanang'oa ukoko kwa vijiko na kugombea ule wa pembeni uliokauka vizuri. Hotipoti zitakuwa zimefungwa. Mama alinibakizia kisahani, akakificha chini ya kawa, na mjomba wa mwezi wa Makka akakigundua.

Sasa turudi kwenye sufuria, maana wengi husahau hapa, wakaharibu ujirani wa miaka thelathini. Usiku, wageni wameondoka, nimeisugua kwa majivu na mchanga mpaka inang'aa kuliko nilivyoichukua, nikaiegemeza mlangoni niirudishe asubuhi. Mama akaitazama, akanitazama. "Utampelekea ya watu ikiwa tupu?"

Chombo cha jirani hakirudi kitupu. Nalijua hilo tangu utotoni, nilitumwa sana na mabakuli yaliyofunikwa. Lakini hapakuwa na pilau ndani ya nyumba ile hata punje ya kumnyima kuku.

Basi Idi pili, kabla ya jua, nikawasha jiko dogo la mkaa uani. Kilo moja, sufuria yetu ya kila siku, kipande cha nyama kilichosahaulika kwenye friji ya jirani, vitunguu vitatu, viungo vilivyobaki kwenye kinu. Hakuna kiti cha plastiki hata kimoja. Sikupima maji, niliona tu. Vitunguu vilifika rangi ya mninga na vikakaa hapo vikinisubiri. Nilipofunua, kila punje ilikuwa peke yake, na ile harufu ikapita juu ya ukuta bila kuomba ruhusa. Nikaimwaga yote ndani ya ile sufuria kubwa, ambamo kilo moja ilionekana kama sadaka, nikaifunika, nikajitwisha begani.

Yule mama alikuwa anafagia. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaweka ufagio, akafunua. Akachota kwa ncha za vidole, akatafuna akiwa amefumba macho.

"Mama yako huyu," akasema. "Mkono wake naujua hata gizani. Mwambie ahsante."

Nikamwambia nitamfikishia.